Uso Kwenye Menyu

Sindano aliingia kwenye lile jengo la maduka akiwa ameshakasirika, na kila kibanda alichosimama kilimwongezea hasira. Watu walisukumana na mifuko, spika za wauza simu zilishindana kupiga kelele, na ngazi ya umeme ilikuwa mbovu. Mkononi alishika mfuko wa kitambaa wenye kanda tatu ndogo za video, zile za kamera za zamani. Alitaka kitu kimoja tu: harusi ya mdogo wake iliyomo kwenye kanda hizo itolewe, ihaririwe vizuri, iwekwe kwenye DVD ili mama yao aitazame kwenye deki. Mama hakutaka kusikia habari za simu. Alisema yeye hatazami harusi ya mwanawe kwenye kitu cha ukubwa wa sabuni.

"Hizi?" muuza simu wa kibanda cha mwisho alizigeuzageuza kanda. "Dada yangu, hizi peleka makumbusho."

"Nimekuuliza una mashine au huna. Sikukuuliza nizipeleke wapi."

"Mimi ninayo," sauti ilisema nyuma yake.

"Sikuongea na wewe."

"Najua. Ndiyo maana nimedandia."

Aligeuka. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, shati jeupe lenye mikono iliyokunjwa, waya mweusi ameuzungusha begani, macho mekundu ya mtu anayeshinda mbele ya skrini. Uzuri hakuwa nao wa kusimulia. Lakini alisimama akiwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu ambaye kweli anasikiliza, na siku hiyo hakuna mwingine aliyekuwa amemsikiliza Sindano.

"Wananiita Pozi. Nahariri video ghorofa ya juu," alisema. "Na wewe umekuja kunipima shati?"

Sindano alijishika shingoni. Futi ya kupimia nguo! Alitoka nayo kwenye chumba chake cha cherehani, akavuka nayo mji mzima, juu ya gauni lake zuri la rangi ya haradali. Alitaka kukasirika, akajikuta anacheka, na jambo hilo likamuudhi zaidi.

Kanda za namna ile haziharakishwi. Harusi ya mchana kutwa inaingia kwenye kompyuta kwa mwendo wake ule ule, na mwenye harusi anakaa anaisubiri. Basi kila akifunga kazi, Sindano alipanda kwenye chumba chembamba cha Pozi chenye skrini mbili na feni inayokohoa. Kiti kilikuwa kimoja, akapewa yeye. Pozi alikalia ndoo iliyopinduliwa.

"Mjomba wako alikuwa anarekodi au anafukuza nyuki?" Pozi aliuliza, picha ikiyumba mbele yao.

"Mjomba wangu mwache. Alikuwa na furaha."

"Furaha hiyo imemshukia mpaka kwenye magoti. Tazama, hapa amechukua viatu vitupu."

"Viatu vizuri lakini."

"Vya nani?"

"Vyangu."

"Basi hapa hatukati," Pozi alisema, na hakukata.

Sindano akifika nyumbani, simu ya Pozi iliingia kabla hajavua viatu.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Umekula?"

"Kwani wewe ni mama yangu?"

"Mama yako nasikia hapendi simu. Mimi naipenda sana siku hizi."

Pozi alimwita mpenzi mara ya kwanza kwa kuteleza, katikati ya maelezo marefu kuhusu sauti iliyokwaruza. Feni ikakohoa. Sindano alijifanya hakusikia, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akilirudia neno lile kimoyomoyo kama mwendawazimu.

Kazi ilipokaribia kwisha, Pozi alimweleza habari za menyu.

"Mama akishatia DVD, kitu cha kwanza kuona ni menyu. Chini tunaweka vitufe: Kiapo, Keki, Dansi. Juu tunaweka picha, na picha yenyewe inaweza kutembea. Kipande kifupi, kikiisha kinaanza tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mtu abonyeze."

"Weka unachoona kizuri," Sindano alisema. "Ila sehemu ya keki ikate. Kuanzia anaposhika kisu mpaka wanapokaa. Acha ile ya kulishana tu."

"Si ndiyo harusi yenyewe hiyo! Na hapo ndipo mjomba wako alipotulia mkono. Kwa nini?"

"Mwenye kanda nani?"

"Wewe."

"Basi kata."

Pozi alimtazama, akakata. Sehemu yenyewe hakuwa ameiona vizuri. Kanda ilipofika pale, Sindano alimtuma maji ya kunywa.

Wewe msomaji mimi sitakutuma maji, nitakuambia alichokuwa akificha. Sindano alikuwa fundi wa magauni ya harusi, na gauni la mdogo wake alilishona yeye. Asubuhi ya harusi mdogo wake alimng'ang'ania apunguze tena kiuno. Alikataa, akabembelezwa, akapunguza. Wakati wa keki zipu ikaachia. Bwana harusi aliisikia ikipasuka, akaweka kiganja mgongoni kwa mkewe, akalibana gauni, kisha akamtafuta shemeji yake kwa macho. Kuanzia hapo watu wawili wale walizungumza kwa nyusi na vichwa, mpaka Sindano akapata nafasi ya kumsogelea bibi harusi kwa nyuma na pini zake. Walikubaliana bibi harusi asijue, angelia pale pale na wanja wote ushuke. Pini zilishika nusu tu, kiganja kikabaki pale jioni nzima; baada ya sherehe Sindano alimvua mdogo wake gauni mwenyewe, akalichukua "kulifua", likarudi na zipu mpya.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo Sindano hakumwambia hata shemeji. Shangazi yao ndiye aliyemletea wateja karibu wote, na mdomo wa Shangazi ulifika mahali ambapo tangazo halifiki. Habari kwamba gauni la mdogo wa fundi mwenyewe lilifunguka mbele ya keki ingemwachia Sindano cherehani ya kufutwa vumbi tu.

Siku ya kutazama, ukoo mzima ulijaa sebuleni kwa Mama. Bibi harusi alikaa sakafuni, ameegemea magoti ya mumewe. Shangazi alichukua kochi zima. Sindano alivaa blauzi mpya ya zambarau na alikuwa na furaha ambayo sasa, akiikumbuka, inamtia hasira.

DVD ikaingia. Muziki laini ukaanza. Menyu ikatokea.

Ilikuwa sura yake. Si ya bibi harusi wala ya Mama. Ilikuwa yake Sindano, imejaa televisheni nzima. Amejing'ata mdomo, macho yamelowa, anamkazia mtu macho. Anatikisa kichwa polepole, kama anayesema hapana, hapana. Kisha anatabasamu kwa uchungu. Kwenye pembe ya picha lilionekana bega la koti, na kwenye koti ua jekundu. Siku ile ua jekundu alilivaa mtu mmoja, bwana harusi.

Kipande kikaisha. Kikaanza tena.

"Bonyeza," Mama alisema.

"Rimoti haishiki. Betri."

Mjomba alitoa betri kwenye saa ya ukutani, zikawa nene mno. Mtu alikimbia dukani. Na muda wote huo Sindano wa kwenye televisheni alijing'ata mdomo, akatikisa kichwa, akatabasamu. Akajing'ata mdomo, akatikisa kichwa, akatabasamu. Hakuna aliyefikiri kuzima televisheni. Shangazi alivaa miwani.

"Hivi huyu," Shangazi alisema taratibu, "anamtazama nani?"

Betri zikaja. Shangazi mwenyewe akaomba rimoti, akabonyeza Keki. Bwana na bibi harusi wakatokea wameshakaa, wanalishana.

"Na kukata keki kuko wapi? Nani kaamuru kukatwe?"

Mdogo wake aliondoa mgongo kwenye magoti ya mumewe.

"Dada. Nani kaamuru?"

"Mimi," Sindano alisema, "lakini sikiliza..."

"Mpenzi, ni zipu," mume alidakia. "Gauni lilifunguka, mimi na dada tulikuwa..."

"Zipu ipi? Gauni ninalo kabatini, zipu nzima! Mmepanga hata cha kusema?" Alisimama, machozi yanamchuruzika. "Siku yangu, Dada! Mbele ya keki yangu unamlilia mume wangu, halafu unaniletea kwenye DVD nijionee!"

Shangazi alivua miwani, akaikunja. Alikuwa ameona ya kutosha.

Pozi alikuwa amejipulizia manukato siku hiyo. Alitegemea simu ya shukrani. Badala yake mlango ulifunguliwa kwa kishindo.

"Nani alikwambia uweke uso wangu?"

"Ulisema niweke ninachoona kizuri."

"Bibi harusi hukumwona? Maua hukuyaona? Ukumbi mzima hukuuona?"

"Niliviona vyote," Pozi alisema. "Kizuri nilikiona kimoja."

Siku nyingine maneno hayo yangemwangusha Sindano. Siku hiyo yalimwaga petroli kwenye moto. Alimweleza yote kwa kelele: Shangazi, betri, mdogo wake aliyetoka bila viatu. Ya zipu hakuyataja, maana aliyezoea kuficha hata akiungua hasemi panapouma. Pozi alisikiliza, kichwa kimeinama. Kisha akauliza swali ambalo angelimeza angekuwa na akili.

"Lakini... kwani ulikuwa unamtazama nani?"

Sindano alirudi nyuma hatua moja.

"Na wewe pia?"

"Nauliza tu. Kipande kile nilikiokota wakati wa kukata, nikakikuza mpaka ukabaki uso wako, nikakitazama nikaacha kulala. Ua jekundu nililiona. Nikajiambia hapana, huyu analia kwa furaha. Halafu nikakumbuka ulivyonikatisha keki. Si nina haki ya kuuliza?"

"Haki! Ulishuku, na bado ukaniweka hapo? Ukanizungusha kama feni mbele ya ukoo wangu, na huku unashuku?"

"Nilikuweka kwa sababu nakupenda!"

"Basi nipende kimya kimya!"

Alizoa kanda zake tatu mezani, akaondoka. Ngazini alilia kwa hasira, kilio kile kinachomtia mtu kwikwi, akawatukana watu wawili waliompa pole. Simu yake ililia njia nzima. Alipochoka kuikata, aliipokea.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Usiniite hivyo. Nitafute siku ukipata menyu yenye kitufe cha kufuta."

Akakata.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Shemeji alihamia kwa rafiki yake. Bibi harusi mmoja aliyekuja kupimwa alituma ujumbe kwamba ameghairi, kisha mwingine. Sindano alishona mikono ya gauni ikaelekea nyuma, akafumua, akashona vile vile tena. Halafu Mama akaja, amebeba mfuko mkubwa wa plastiki.

"Mdogo wako kasema hili urudishiwe."

Lilikuwa gauni la harusi. Sindano alilitandaza kwenye meza ya kukatia, akaivuta zipu mpya. Ikapanda na kushuka kama maji. Kazi safi, bila mshono hata mmoja uliopinda. Ushahidi uliokuwa kwenye gauni alikuwa ameuondoa kwa mikono yake mwenyewe, na kwa ustadi.

"Mwanangu," Mama alisema, "mimi nakuuliza mara moja tu. Kuna kitu?"

"Kuna zipu, Mama."

Mama alimtazama sana. "Basi walete waione hiyo zipu. Mdogo wako hali chakula."

Zipu ya zamani ilibaki kwenye kanda ya pili tu, na mashine ya kuichezea ilikuwa moja tu katika mji ule.

Alivaa gauni jeusi la kazini, akajiambia hakujiremba, ingawa hereni alizibadilisha mara mbili. Pozi alifungua mlango akiwa na ndevu za kuchoma.

"Nimekuja kama mteja," Sindano alisema, kanda mkononi.

"Wateja hubisha hodi kwa adabu."

"Cheza kanda ya pili. Na leo sikutumi maji."

Ilichezwa. Kwenye skrini zote mbili, bwana harusi alipokea kisu, mkono ukabanduka mgongoni kwa mkewe, na gauni jeupe likaachama kuanzia mabegani mpaka kiunoni. Mkono ukarudi mbio. Nyuma yao akaonekana Sindano: amejing'ata mdomo, macho yamelowa, anatikisa kichwa, usiachie, usiachie. Bwana harusi akabana zaidi. Sindano akatabasamu kwa uchungu, akatoa pini kichwani, akaibana kwa meno, akaanza kunyata kama mwizi wa kuku.

Pozi alisimamisha picha. Mabega yakaanza kutikisika.

"Usithubutu kucheka."

"Zipu!" Pozi alikuwa ameshashindwa. "Mimi nimeacha kula kwa ajili ya zipu!"

"Ndoa ya mdogo wangu inavunjika, na wewe unacheka?"

Kicheko kikamkatika. Sasa alikasirika yeye, kwa mara ya kwanza, na hasira yake haikuwa na kelele.

"Ulinituma maji. Nilikuuliza kwa nini, ukaniambia kata. Ungeniambia neno moja, zipu, ningeweka vile viatu vyako kwenye menyu, na leo mdogo wako angekuwa kwake. Umenificha mimi, umemficha yeye, halafu mwenye kosa nikawa mimi peke yangu?"

Sindano alikaa kwenye kile kiti kimoja.

"Na wewe ungeniuliza kabla ya kunibandika," alisema kwa sauti ndogo.

"Ningekuuliza. Hapo nilikosea, na ninakuomba radhi." Alivuta ndoo, akakaa. "Naweza kuweka kivuli hapa mgongoni. Waone ishara zenu, wasione gauni lilivyoachama. Shangazi yako hatajua ukubwa wake."

Sindano aliitazama kazi yake ikiwa imeachama kwenye skrini. Aliwafikiria mabibi harusi wote ambao wasingekuja tena.

"Usiweke kitu," alisema. "Na menyu iwe nyeusi tupu. Maandishi tu. Ukiweka hata ua nitakuvunja vidole."

Safari hii Pozi alikuja naye sebuleni kwa Mama, na laptopu yake, na betri mpya mfukoni. Shangazi alimkagua kutoka viatu mpaka kola.

"Ndiye huyu fundi wa nyuso?"

"Ndiye, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Ukirudia tena utanijua."

Mdogo mtu alikaa pembeni kabisa, kitambaa kimefungwa kichwani hovyo, macho yamevimba. Mumewe aliitwa akasimama karibu na mlango kama mgeni. Sindano hakukaa.

"Zipu nilishona mimi," alisema mbele ya wote. "Ikaachia. Nikaficha, kwa sababu nilimwogopa Shangazi kuliko nilivyompenda mdogo wangu. Tazameni."

Menyu ikatokea, nyeusi, na neno Keki peke yake. Sindano akabonyeza mwenyewe.

Gauni likaachama. Mama akasema "Yarabi!" Mkono ukarudi. Nyusi, vichwa, pini kwenye meno. Mjomba wa kamera, asiyejua lolote, alisikika akishangilia kwa nyuma. Mdogo mtu alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Aliomba irudishwe, akatazama tena. Kisha akamgeukia mumewe.

"Kumbe ndiyo maana ulinibana vile jioni nzima!" alifoka. "Kukaa, umenibana. Kucheza, umenibana. Mimi nikawaambia wenzangu wote, ananipenda huyo, hataki kuniachia!"

"Mkono ulikufa ganzi," mume alisema. "Siku mbili nilikula kwa kushoto. Unataka mapenzi gani tena?"

Alilia, akampiga mume wake kifuani kwa ngumi mbili, kisha kichwa kikabaki pale pale kifuani. Shangazi alishusha pumzi kwa nguvu.

"Kwa hiyo fundi wetu," alianza, "zipu yenyewe ulinunua ya..."

"Mimi ndiye niliyemlazimisha apunguze kiuno," mdogo mtu alimkatiza, bila kuinua kichwa. "Alikataa. Nikamlilia. Watajie hilo pia, Shangazi, ukianza kusimulia." Kisha akanyoosha mkono nyuma, akipapasa hewani, na Sindano akaukimbilia.

"Gauni langu nirudishie," alimnong'oneza dada yake kwa hasira. "Na siku nyingine nikilia, usinisikilize."

Pozi alikusanya waya zake kimya, akatoka. Sindano alimkuta getini, anajifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Bado umekasirika?" Pozi aliuliza.

"Sana."

"Na mimi umenikasirikia?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

"Shangazi atasimulia, unajua. Wateja wengine utawakosa."

"Najua. Ndiyo maana nimekasirika, usinikumbushe." Alimrekebisha kola iliyopinda, kwa nguvu mno, akakaribia kumnyonga. "Na nikwambie kitu kimoja. Siku ya harusi yangu, kamera hutaishika wewe."

Pozi alinywea. "Haya. Ni haki yako. Atashika nani?"

"Mjomba."

"Mjomba! Ataleta viatu vitupu! Mimi nitakuwa wapi?"

"Kwani una akili gani wewe?" Sindano alisema, macho yamelowa, mdomo ameung'ata, na safari hii aliyetazamwa hakuwa na haja ya kuuliza. "Mkono wako utakuwa mgongoni kwangu, umeshika zipu."